Nebraska: Albamu Iliyogoma Kusafishwa

Januari 1982, kwenye nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, mwanamuziki Bruce Springsteen alikuwa anarekodi nyimbo za kuwasikilizisha wanabendi wake, basi. Fundi wake Mike Batlan alimfungia TEAC 144, mashine ya kurekodia ya traki nne inayotumia kaseti ya kawaida, na maikrofoni mbili za Shure SM57.

Traki nne ni chache mno. Mbili ziliisha papo hapo, kwa sauti na gitaa vilivyorekodiwa kwa pamoja. Mbili zilizobaki zikagombaniwa na harmonika, gitaa la pili, tari na sauti ya kuitikia. Sikiliza wimbo wa "State Trooper": gitaa linarudia pigo lilelile tangu mwanzo, halafu ghafla yowe. Ngoma ingeingia pale, yowe lile lingemezwa.

Lakini mimi naona kazi kubwa ilifanyika wakati wa kuchanganya sauti. Alipitisha kila kitu kwenye Echoplex, kifaa cha mwangwi, akanasa matokeo kwenye redio kaseti ya Panasonic iliyowahi kutumbukia majini. (Ndiyo, majini.) Mwangwi ukakolea kama chumvi kwenye mchuzi: hauchujiki tena. Ndio maana sauti yake inasikika kama inatoka chumba cha pili, na huyo mwimbaji hana haja ya kusogea karibu yako.

Kaseti ikakaa mfukoni mwa jinzi yake kwa wiki kadhaa, bila hata kasha. Bendi nzima ilizijaribu nyimbo hizo studio. "Born in the U.S.A.", iliyotoka kwenye fungu hilohilo, ilinoga kwa ngoma na kinanda, lakini nyingine nyingi zikapwaya. Akaamua kaseti yenyewe ndiyo albamu, Nebraska.

Hapo mafundi wakatoka jasho kuihamishia kwenye santuri. Sauti ilikuwa hafifu, mchakacho mwingi, na kwenye santuri za majaribio sindano haikutulia. Ilibidi waikate kwa sauti ya chini kuliko kawaida ndipo ikatoka, Septemba mwaka huohuo, ikiwa na nyimbo 10.

Wanaoiga sauti hiyo siku hizi hurekodi safi kwenye kompyuta, kisha hupakaza mchakacho juu. Mlio huupata. Ila wana traki mia na kitufe cha kufuta, na hilo husikika kwenye uimbaji wao.