Kwanza Uishike: Jinsi Kano Ilivyopimwa

Anayepika supu ya kongoro anaijua kano: kamba nyeupe, ngumu, inayong'aa, iliyojishika kwenye mfupa wa mguu wa ng'ombe. Kabla hujaitia sufuriani, ibane kwa koleo uivute. Inachoropoka. Ukiibana zaidi inapondeka pale pale ulipoibana, na ile sehemu ya katikati uliyotaka kuijua bado haijavutwa sawasawa. Watafiti nao wamekumbana na tatizo hilo hilo maabarani, na naamini kwamba takwimu zote tunazozitegemea kuhusu kano zimesimama juu ya ustadi wa kuishika.

Kipimo chenyewe si kigumu kukieleza. Ncha mbili za kano hubanwa kwenye mataya ya mashine. Mashine huvuta, kisha hulegeza, huku ikirekodi nguvu na urefu. Mchoro hupanda kwa mstari mmoja na kushuka kwa mwingine ulio chini yake kidogo, na nafasi iliyo kati ya mistari hiyo ndiyo nishati iliyopotea. Sasa kano ikiteleza milimita 1 tu ndani ya taya, mashine huandika kwamba imerefuka milimita 1. Na kwa kuwa kilichoteleza hakirudi, nacho huhesabiwa kuwa hasara. Mtafiti huondoka akiamini kwamba kano ni legevu zaidi na inapoteza nishati zaidi kuliko ilivyo kweli.

Dawa moja ni baridi. Mwaka 1982, Riemersma na Schamhardt wa Uholanzi walieleza taya inayogandisha ncha za kano ya farasi kwa kaboni dayoksaidi ya kimiminika. Ncha zikiwa barafu, taya hupata kitu kigumu cha kung'ata, na katikati kano hubaki mbichi. Dawa nyingine ni kutouamini umbali kati ya mataya, bali kufuatilia alama mbili zilizowekwa katikati ya kano yenyewe.

Ikishikwa hivyo, kano hujieleza. Mwanzoni hurefuka kwa urahisi, kwa sababu nyuzi zake za kolajeni zimelala kwa mawimbi madogo na lazima zinyooke kwanza. Zikishanyooka, mstari hupanda kwa ukali hadi kwenye nyutoni 100 hivi kwa kila milimita ya mraba, ndipo kano hukatika. Maana yake, kano ya milimita 5 za mraba, nene kidogo tu kuliko njiti ya kiberiti, inaweza kuning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50 kabla ya kusalimu amri. Na ikilegezwa hurudisha takriban asilimia 93 ya nishati iliyotiwa ndani yake.

Mwaka 1987, Ker, Alexander na wenzao wa Leeds, Uingereza, waliuhamishia ujuzi huo kwenye mguu wa binadamu. Walitumia miguu iliyokatwa kwa sababu za matibabu. Waliikandamiza kwa mashine kama inavyokandamizwa mkimbiaji akiwa katikati ya hatua, kisha wakakata ligamenti za unyayo moja baada ya nyingine kuona kila moja inabeba nini. Walikadiria kwamba mtu wa kilo 70 anayekimbia mita 4.5 kwa sekunde, kasi ya kumaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 36, hupoteza na kurudishiwa juli 100 hivi kila mguu unapokanyaga. Kano ya kisigino huhifadhi juli 35 kati ya hizo, na upinde wa unyayo juli 17. Zaidi ya nusu ya kazi hiyo basi hufanywa na springi za mwili, na misuli husaidiwa.

Ile asilimia 7 isiyorudi hugeuka joto. Mwaka 1994, Wilson na Goodship walipima joto ndani kabisa ya kano za farasi waliokuwa wakipiga mbio, wakakuta linafika nyuzi 45 za Selsiasi. Joto hilo linasaidia kueleza kwa nini kano za farasi wa mashindano mara nyingi huanza kuharibika kwenye kiini kabla ya pembeni. Hasara ndogo kama hiyo ingemezwa kabisa na kuteleza kwa kano ndani ya taya, na farasi angeendelea kuchechemea bila mtu kujua pa kuanzia.