Fadhaa ya Mtihani wa Uanasheria: Inavyozaliwa na Inavyoshindwa

Mnamo Oktoba 2022 yalitangazwa matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, na nchi nzima ikataharuki: katika wanafunzi 633 waliofanya mitihani, waliofaulu masomo yote walikuwa 26 tu, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na walioondolewa kabisa walikuwa 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya uenyekiti wa Dkt. Harrison Mwakyembe ili ichunguze kiini cha jambo hilo, na mjadala wa kuwachuja kwa mtihani wale wanaotaka kuingia katika Taasisi ukapamba moto. Khofu aliyoachiwa kijana mwenye shahada ya sheria, aliye hapa katika kijiji chetu cha wachimbaji wa dhahabu cha Rwamgasa, au Katoro au Kahama, akihesabu nauli ya kwenda Dar es Salaam, ni kubwa, nayo yastahili kuchambuliwa kwa utulivu. Khofu isiyochambuliwa humla mtu, ilhali khofu iliyojulikana asili yake aghalabu hupata dawa.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana ilisomwa vibaya. Wengi walishika ile namba ya 26, wakasema kwamba waliobaki wote wameanguka, na kauli hiyo ikapita vijiweni na misibani mpaka ikawa kana kwamba ni sheria ya maumbile. Lakini fungu kubwa kuliko yote lilikuwa lile la kati, la wale 342, ambao ni zaidi ya nusu ya watahiniwa. Na hawa hawakuwa watu wasiojua sheria, bali watu waliojua baadhi ya masomo na kuzidiwa na mengine. Mtu wa namna hiyo hakupungukiwa na akili. Amepungukiwa na mizani katika maandalizi: amelipa muda wake wote somo alipendalo, akaliacha lile linalomtisha, na siku ya hukumu likamdai lile aliloliacha.

Sasa, mtihani huu wadai nini? Taasisi iliasisiwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2008, kwa shabaha ya kumtoa mhitimu wa chuo kikuu katika kujua sheria na kumfikisha katika kuitenda. Chuoni aliulizwa mkataba ni nini. Huku anapewa kisa cha watu wawili waliogombana, karatasi zao zimechanganyika, tarehe zao hazilingani, naye aambiwe amshauri mmoja wao au amwandikie hati itakayopokelewa mahakamani. Aliyekariri tafsiri ya mkataba kwa herufi zake zote aweza kukaa mbele ya kisa hicho asijue aanzie wapi. Na hapo ndipo fadhaa inapozaliwa, kwa sababu nafsi hutambua kabla ya ulimi kwamba silaha iliyobebwa siyo ya vita hivi.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Nchini Marekani, tangu mwaka 1948, anayetaka kusomea sheria hufanya mtihani uitwao LSAT, ambao alama zake huanzia 120 na kukomea 180, na ndani yake hamna swali hata moja la kifungu cha sheria: hupimwa uwezo wa kusoma habari ngumu na kuona hoja imesimama wapi na imelegea wapi, kila sehemu kwa dakika 35. Nchini Kenya, anayetafuta uwakili hupimwa kwa mafungu matatu, yaani maandishi ya mwisho yenye uzito wa asilimia 60, na kazi ya mradi na mtihani wa mdomo wenye asilimia 20 kila mmoja. Maumbile ya mitihani hii yanatofautiana, walakini yote yakubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba humpima mtu kwa kile awezacho kukifanya na elimu yake, chini ya saa inayokwenda.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya maandalizi ni kwamba mazoezi sharti yafanane na mtihani, na kijana wa Rwamgasa, ambaye aghalabu hujihisi kuwa mbali na kila kitu chenye manufaa, kwa hakika amekaa juu ya hazina ya mazoezi. Achukue kisa kinachotokea kila siku katika machimbo yetu: mwenye leseni ndogo ya uchimbaji amemruhusu mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, achimbe ndani ya eneo lake, mwenye duara amekubaliana kwa mdomo na wachimbaji kwamba mawe yakitoka watagawana viroba kwa mafungu yanayojulikana, mawe yametoka, mgawo umekataliwa, na shahidi pekee ni mpishi wa kambi. Hapa pana mtihani mzima. Je, makubaliano ya mdomo ni mkataba kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura 345? Je, mpishi aliyesikia maneno hayo aweza kuwa shahidi chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura 6? Je, mwenye leseni naye ashtakiwe, au ugomvi huu ni wa mwenye duara na watu wake tu? Na shauri lenyewe lipelekwe mahakamani, au lianzie kwa mamlaka ambazo Sheria ya Madini, Sura 123, imezipa kazi ya kusikiliza migogoro ya wachimbaji?

Kisa hicho akipitishe katika hatua zilizo maarufu kwa wanasheria, wala asiruke hata moja: kwanza aandike mambo ya hakika, ayatenge na maneno ya hasira, pili ataje suala linalobishaniwa, kwa sentensi moja, tatu ataje kanuni ya sheria na mahali ilipo, nne aioanishe kanuni na mambo ya hakika, jambo kwa jambo, na tano atoe hitimisho. Hatua ya nne ndiyo roho ya kazi, nayo ndiyo watahiniwa wengi huipita mbio, kwa kuwa mwenye kutaja kanuni hudhani amekwisha jibu. Aliyeandika kwamba mkataba wa mdomo ni halali, kisha akaacha kuonyesha ni maneno gani katika kisa yalikuwa pendekezo, yapi yalikuwa kibali na malipo yalikuwa yapi, huyo amefungua mlango na kusimama kizingitini.

Baada ya ushauri, aandike hati. Amri ya VII, kanuni ya 1, ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura 33, yaeleza hati ya madai iwe na nini: jina la mahakama, majina na makazi ya mdai na mdaiwa, mambo yaliyozaa sababu ya kudai na wakati yalipotokea, maelezo yanayoonyesha kwamba mahakama ina mamlaka, thamani ya kinachodaiwa, na nafuu inayoombwa. Haya ni machache, na mtu aweza kuyasoma kwa dakika tano akaamini ameyajua. Lakini ajaribu kuyaandika kitabu kikiwa kimefungwa na saa iko mezani. Ataona kwamba amesahau thamani ya madai, au ameomba nafuu ambayo mambo ya hakika hayaibebi. Kugundua hivyo nyumbani ni neema. Kugundua hivyo katika chumba cha mtihani ni balaa.

Wanasaikolojia wameupima ukweli huu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wote wa Marekani, walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walisoma habari kwa kurudiarudia, na wengine waliisoma kisha wakajipima kwa kuikumbuka bila ya kuitazama. Baada ya dakika chache waliorudia kusoma walionekana bora. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojipima wakawapita kwa mbali. Maana yake ni kwamba raha aipatayo mtu anaposoma ukurasa kwa mara ya nne ni raha ya kuyazoea maandishi, wala si dalili ya kuyamiliki. Anayetaka kujua anachokijua, na afunge daftari, aandike.

Na akiandika akikosea, kosa lile asilitupe. Wachimbaji wetu wanajua kwamba mchanga uliokwisha kupita mwaloni na kushikwa na zebaki bado umeficha sehemu kubwa ya dhahabu, ndiyo maana mabaki hayo, yaitwayo marudio, hayamwagwi bali hulimbikizwa na kuuzwa kwa wenye plenti, yaani mitambo ya kuchenjulia, wakaitoa ile dhahabu ambayo mkono wa kwanza uliiacha. Vivyo hivyo mtahiniwa awe na daftari la makosa, aandike ndani yake swali, jibu alilolitoa, jibu lililotakiwa, na, lililo muhimu kuliko yote, sababu iliyompotosha: hakusoma swali lote, au hakujua kanuni, au alijua akakosa muda. Sababu hizi tatu zina dawa tatu tofauti, na asiyezitenga atazitibu zote kwa dawa moja ya kukesha, ambayo haiponyi hata moja kati yake.

Lugha nayo ina fungu lake katika fadhaa hii. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini, na katika mwaka huohuo Jaji Zephrine Galeba, aliyeandika uamuzi kwa Kiswahili katika shauri lililohusu mgodi wa dhahabu wa North Mara, alipandishwa kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Hata hivyo vitabu vya rejea na hukumu nyingi za zamani zimebaki kwa Kiingereza, na mwanafunzi hulazimika kufikiri kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Nasaha yangu ni kwamba kisa akichambue kwanza kwa Kiswahili mpaka kimkae, kisha aandike jibu kwa lugha ya mtihani kwa sentensi fupi zilizo wazi. Na kila siku asome hukumu moja katika maktaba ya mtandaoni ya TanzLII, ambayo ni bure na yafunguka katika simu, aangalie jaji alivyolitamka suala na alivyoijenga sababu ya uamuzi wake.

Yabaki sasa ile khofu ambayo humjia hata aliyejiandaa. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson, kwa majaribio ya panya, walionyesha kwamba msukumo wa wastani husaidia kujifunza jambo gumu, na ukizidi huharibu. Kwa hiyo mtahiniwa asitafute kuiua khofu yote, maana sehemu yake ndiyo inayomwamsha. Ikizidi, na apunguze kasi ya pumzi zake, avute polepole na kutoa polepole zaidi, kwani pumzi ndiyo sehemu ya mwili iliyoshtuka ambayo mtu aweza kuiamuru. Kadhalika, Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha mwaka 2011 kwamba wanafunzi wenye wasiwasi wakiandika wasiwasi wao kwa dakika kumi kabla ya mtihani, alama zao huongezeka. Yamkini kwa sababu jambo lililokwisha kuwekwa kwenye karatasi huacha kuzunguka kichwani. Na akishapewa karatasi ya maswali, asianze kuandika: ayasome yote, agawanye muda kwa uzito wa alama, aanze na lile analoliweza, na muda wa swali ukiisha aliache ingawa halijakamilika, kwa kuwa alama za mwanzo za swali jipya ni nyepesi kuzipata kuliko za mwisho za swali la zamani.

Usingizi nao usidharauliwe, maana akili huyatia mizizi mambo ya siku iliyopita wakati mwili umelala. Katika kijiji ambamo makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, yaweza kunguruma mpaka usiku wa manane, mwanafunzi na ajipangie kusoma alfajiri, au aombe nafasi katika darasa la shule baada ya watoto kuondoka. Na usiku wa kuamkia mtihani afunge vitabu mapema.

Lakini iko khofu nyingine ambayo haitibiwi na mazoezi wala pumzi, nayo ni ile inayotoka nyumbani. Kijana aliyesomeshwa kwa ng'ombe waliouzwa, au kwa fungu la baba yake katika duara, haogopi swali la utaratibu wa madai peke yake. Aogopa sura ya mama yake. Kila simu ya kumuuliza atakuwa wakili lini humwongezea kilo moja mgongoni, ijapokuwa aliyepiga alikusudia mapenzi. Enyi wazazi na walezi wa Rwamgasa na wa ukanda wote huu wa dhahabu, mwambieni mtoto wenu mapema, kabla ya mtihani na si baada yake, kwamba kurudia somo si aibu ya ukoo na kwamba mlango wa nyumba hautafungwa. Nanyi mnaokwenda kufanya mtihani, msikae mkiwahesabu wale 26 wa mwaka 2022. Kaeni na visa, andikeni, pimeni muda, sahihisheni, na lile somo mnaloliogopa kuliko yote lipeni saa ya kwanza ya kila siku.