Kusoma Kabla ya Kugusa

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ya Tanzania ilipata hitilafu na mikoa iliyounganishwa nayo ikaingia gizani. Songea tumo humo tangu mwaka 2018, njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipotufikia na kutupunguzia majenereta ya dizeli. Umeme ukirudi, taa huwaka zenyewe na friji huanza kuunguruma. Seva ya baruapepe mara nyingi huwaka nusu tu: mashine inazunguka, skrini inaonyesha uhai, lakini hakuna barua inayoingia wala kutoka. Hapo ndipo inapoanza kazi ninayotaka kuisifu.

Nimemtazama fundi mmoja wa mtaa wa Mfaranyaki, hapa Songea, akiifanya, katika ofisi ndogo inayotunza barua zake yenyewe. Watu walikuwa wamemsimamia mgongoni. Mhasibu akauliza, "Kaka, barua zetu zimepotea?"

"Hazijapotea, dada. Zinasubiri."

Alisema kweli. Seva ya mtumaji ikikuta seva ya mpokeaji haijibu, huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena baadaye. Kanuni za intaneti zinaitaka ivumilie angalau siku 4 hadi 5. Postfix, programu aliyoiandika Mholanzi Wietse Venema akiwa IBM na ikatolewa mwaka 1998, hushikilia barua kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa na kumjulisha aliyeituma. Tena haimwambii mtumaji kwamba imepokea mpaka iwe imekwisha kuiandika barua kwenye diski. Fundi anayejua hayo hana sababu ya kukurupuka, na utulivu wake unatoka hapo.

Kwa hiyo alianza kwa kusoma. Hakuzima na kuwasha tena, kwa maana kila unapofanya hivyo unaongeza kelele juu ya ushahidi. Aliuliza mfumo ni huduma zipi zimeshindwa, kisha akafungua logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mashine, na kurudi nyuma hadi dakika ile mashine ilipoamka. Katika logi, mstari wa mwisho ndio unaopiga kelele, lakini chanzo huwa juu zaidi, katika mstari wa kwanza wenye kasoro, na mara nyingi ni mstari mpole. Kuutafuta huo kunahitaji jicho lililozoea kuona seva ikiwa nzima.

Majibu ya kawaida anayajua kwa moyo. Poti namba 25 imeshikwa na programu nyingine ya barua iliyowahi kuamka. Diski imejaa logi. Au huduma iliwashwa kwa mkono siku ya kwanza, wala haikuwahi kuorodheshwa miongoni mwa zile zinazojiwasha, ikafanya kazi miezi na miezi bila mtu kujua kwamba haitaamka tena. Kuna pia kosa la zamani lililolala: mtu alibadilisha mstari mmoja kwenye faili la mipangilio zamani, hakuiwasha huduma upya, na kosa likakaa kimya mpaka umeme ulipokatika. Wenyewe ofisini watalilaumu shirika la umeme. Umeme umefichua tu.

Kinachonivutia zaidi ni suala la mpangilio. Postfix ikiwa imeagizwa kusikiliza kwenye anwani fulani, na kadi ya mtandao haijapata anwani hiyo bado, husema haioni anwani na kuacha. Dakika mbili baadaye ukiiwasha kwa mkono inakubali. Wengi hufurahi na kuondoka. Fundi huyu haondoki, kwa sababu anajua Postfix imejaribu kusonga ugali kabla maji hayajachemka. Anaiambia systemd, mfumo unaowasha huduma za mashine, isubiri mtandao uwe tayari kabisa, kwa kuwa mfumo huo hutofautisha kati ya mtandao ulioanza kuandaliwa na mtandao uliokwisha kupatikana.

Halafu kuna saa. Dovecot, programu ya Mfini Timo Sirainen iliyotoka mwaka 2002, ndiyo inayowapa watu barua zao. Matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na tabia ya ajabu: yakiona muda umerudi nyuma, yanaandika kwamba jambo hili linaweza kuleta matatizo mengi, kwa hiyo yanajiua. Matoleo ya baadaye yamejifunza kuvumilia, lakini logi bado hutaja sekunde zilizorudi. Fundi wa Afrika Mashariki akikuta pale namba 10800 amekwisha kupata jibu. Hizo ni saa 3 kamili, tofauti ya saa zetu na saa za dunia. Saa ya ndani ya mashine iliwekwa muda wa Songea, mfumo ukausoma kama muda wa dunia, ukajikuta saa 3 mbele. Kisha mtandao ukaja na kuirudisha saa mahali pake, Dovecot ikiwa tayari imeamka. Namba moja inaeleza kisa kizima. Sijui kazi nyingi ambazo jiografia ya mtu humsaidia hivyo kusoma mashine.

Barua zilipoanza kumiminika, watu walitawanyika wakishukuru. Yeye alibaki. Aliomba ruhusa, akaizima seva kwa makusudi, akaiwasha, kisha akakaa mikono mapajani akiangalia kama kila huduma itaamka bila yeye. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya ufundi huu, na ndiyo ambayo mabosi wengi huinyima muda, kwa kuwa machoni pao kazi imekwisha.

Ofisi yako ikiwa na seva, mpe fundi wako nusu saa ya jaribio hilo. Na umlipe kwa hiyo pia.