Akiba ya Mpira

Ruaha Mbuyuni huamka mapema kuliko jua. Saa kumi na moja alfajiri mama ntilie wameshachochea moto, wauza vitunguu wanapanga ndoo zao kandokando ya lami, na malori yaliyolala hapo usiku yanaanza kukohoa, pua zikielekea mlima Kitonga. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai ya tangawizi nilipomwona dereva mmoja wa makamo akishuka kwenye lori lake, kikoi kiunoni, mkononi kipande cha nondo. Alianza na tairi la mbele upande wake, akaligonga mara moja, akasikiliza, akasogea. Ndi. Ndi. Ndi. Akamaliza kichwa, akahamia kwenye trela, na kila penye matairi mawili yaliyobanana akapenyeza nondo agonge na la ndani. Upande wa kushoto mlio ukageuka: pwa. Akagonga la jirani, ndi. Akarudia lile, pwa. Akamwita utingo kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha wenzake: “Dogo, lete jeki. La ndani limelala.”

Kwa macho, lori lile lilikuwa limesimama sawasawa. Ndiyo hila ya matairi pacha: la nje humbebea mwenzake aibu yake, na aliye mbele kwenye usukani hahisi chochote, mpaka lile lisilo na upepo lijisage, lipate joto, lianze kutoa moshi katikati ya mlima. Jicho hudanganywa. Sikio halidanganywi. Nilisimama pale chai ikapoa, kwa sababu mlio ule sikuwa nimeusikia tangu nikiwa mtoto, na niliujua kama ninavyoijua sauti ya mlango wa nyumba yetu.

Baba yangu aliendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi. Siku alizolala nyumbani Morogoro, lori liliegeshwa chini ya mwembe, na sisi watoto tuliamka kumwangalia akiliamsha. Hakugusa ufunguo kwanza. Aliinama. Aliangalia ardhi chini ya injini, maana gari likiumwa usiku huacha habari mchangani: tone jeusi ni oili, alama ya maji ni rejeta, na tone la mafuta ya breki aliligusa kwa kidole na kulinusa, siku hiyo safari ikasubiri. Kisha boneti, kijiti cha oili kikachomolewa, kikafutwa, kikarudishwa, kikachomolewa tena. Maji ya rejeta, injini ikiwa bado baridi. Vichwa vya betri, ule unga mweupe ukaoshwa kwa maji ya moto. Mkanda wa feni akaukandamiza kwa dole gumba. Kisha akayagonga matairi, moja moja, akisikiliza. Kazi yangu ilikuwa kushika tambara, na mpaka leo harufu ya tambara lenye oili hunirudisha pale chini ya mwembe.

Lakini siku niliyoipenda ni ya kushusha spea. Mara moja kwa mwezi, hata kama halijatumika, tairi la akiba lilifunguliwa mnyororo wake chini ya lori na kushushwa. Lilitoka limevaa matope ya mikoa mitatu. Tuliliviringisha uani, wawili upande huu na wawili upande ule, likiwa refu karibu kutupita. Tulilimwagia maji na kulisugua. Baba alipita ubavuni mwake kwa vidole, polepole, akitafuta nyufa na vimbe kama daktari anayepapasa tumbo la mtoto. Akafungua kifuniko cha valvu, akalowesha kidole kwa mate, akakiweka juu ya valvu, akatunyamazisha sote. Tulikodoa macho kwenye lile tone la mate. Likitulia, valvu ni nzima. Likivimba na kupasuka, inavuja. Sijaona kipimo kingine kinachoweza kuwanyamazisha watoto wanne kwa pamoja.

Halafu akaupaka mnyororo grisi, kwa sababu mnyororo usioshushwa hushikwa na kutu, na siku ya haja haufunguki hata kwa nyundo. Niliwahi kumuuliza kwa nini tunahangaika na tairi ambalo haliendi popote. Akanijibu: “Linasafiri nalo. Linakula vumbi na joto kama wenzake, ila hakuna anayeliangalia.”

Zamani za mwanzo za magari spea haikuwapo. Ukipata pancha, ulikaa kando ya barabara ukafungua tairi, ukaziba, ukapiga pampu. Mwaka 1904, huko Llanelli nchini Wales, akina Davies walianza kuuza gurudumu la ziada, na kwa kuwa duka lao lilikuwa mtaa wa Stepney, jina la mtaa likawa jina la kitu. Wahindi wengi mpaka leo hulitumia. Sisi tuliliita spea, na tulipotaka kusema Kiswahili chetu tukaliita tairi la akiba. Neno hilo lina uzito. Akiba ni mtama ghalani, ni fedha iliyofungwa kwenye pindo la kanga, ni kitu ambacho mtu anakinyima leo yake ili akipe kesho yake. Wahenga wakasema akiba haiozi.

Ya mpira huoza. Mpira huzeeka hata ukikaa kimya, hupasuka ubavuni, hukauka. Upepo nao hutoka wenyewe kidogo kidogo kila mwezi, bila msumari wala mwiba. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Tairi lenye 2316 lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka sita, na wa tairi wanasema lisivuke kumi, hata kama kashata zake bado ni nzima. Spea imo kwenye hesabu hiyo. Wangapi wetu tumewahi kuzisoma tarakimu hizo kwenye tairi lililo chini ya mabegi?

Wapo watakaosema wazee walitunza kwa sababu ya shida. Ni kweli kwamba miaka ya 1980 tairi jipya lilikuwa la kutafutwa, ingawa Arusha tulikuwa na kiwanda chetu, na tairi lililokufa halikutupwa: liligeuka katambuga miguuni mwa watu. Lakini nilimwona baba baada ya shida kupita, maduka ya tairi yakiwa yamejaa kila kona, bado akishusha spea kila mwezi. Haikuwa shida ile. Ilikuwa heshima kwa mzigo wa watu na kwa utingo aliyelala kando yake.

Leo tunangoja taa iwake kwenye dashibodi. Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ikifika tunaitafuta stika, tukishaibandika kiooni tunaona gari limepona. Magari yanatujia kutoka Japani na kigurudumu chembamba ndani ya buti, ambacho kimeandikwa wazi kisizidi kilomita 80 kwa saa na kinataka upepo wa psi 60 wakati wenzake wanatosheka na thelathini na kitu, nasi tunakitembelea miezi kama tairi la kweli. Wengine wamefunga spea kwa kufuli kwa kuogopa wezi, na ufunguo haujulikani uliko. Jeki imeazimwa na jirani. Spana ya magurudumu iko kwa shemeji. Kisha, tairi kipara linapopasuka na watu wakalala barabarani, tunafika msibani na kusema ajali haina kinga. Nimechoka kulisikia neno hilo. Kwa ajali nyingi nilizozisikia kinga ilikuwapo, ilitaka mtu wa kuinama tu.

Siku ile ya Ruaha Mbuyuni, nikitoka Iringa, nilikatisha safari Morogoro kumsalimia baba. Ana miaka 78, na masikio yaliyokuwa yakisikiliza matairi hayasikii tena hata redio. Alitoka na mkongojo, akaniitikia shikamoo yangu, akalizunguka gari. Hakugonga. Aliweka kiganja kwenye kila tairi, akakiacha hapo kidogo, kwa sababu tairi lenye upepo pungufu hufika likiwa na joto kuliko wenzake. Alipofika nyuma akauliza, “Na la akiba?”

Nikafungua buti. Nikatoa mabegi ya watoto, nikatoa gunia la vitunguu nililonunua Ruaha Mbuyuni, nikainua zulia. Aliinama kwa shida, magoti yakalia, akakandamiza kwa dole gumba. Dole likazama. Akafungua kifuniko cha valvu, akalowesha kidole kwa mate, akakiweka juu yake, akatazama. Tone lilitulia. Halikuwa linavuja. Lilikuwa halijajazwa tu, tangu ninunue gari. Akaniambia nimsomee namba, macho yake hayazioni.

“Moja moja, sifuri tisa.”

“Mwaka gani huo?”

“2009, baba.” Nililazimika kusema kwa sauti kubwa, na majirani wakageuka.

“Umeshuka nalo Kitonga? Na watoto?”

“Ndiyo, baba.”

Hakunigombeza. Alitazama viti vya nyuma, wajukuu wake wakiwa bado wamelala humo, vichwa vimeegemeana. Kisha akaingia stoo, akatoka na pampu yake ya mguu, ile ile, mpira wake umefungwa viraka viwili. “Tulitie upepo litufikishe kwa fundi,” akasema, “akatuuzie lingine.” Nilinyoosha mkono niichukue, akakataa. Akaegemea bodi ya gari, akaweka kiganja cha kushoto ubavuni mwa tairi, akaanza kukanyaga, na kila baada ya mikanyago kumi alisimama kidogo, kiganja kikiwa pale pale, akisikiliza.