Marufuku na Kimya: Uhakiki wa Mbinu ya Moja kwa Moja katika Ufundishaji wa Kiingereza, kwa Mifano ya Magogoni na Kariakoo, Dar es Salaam

1. Utangulizi

Makala hii inahakiki kanuni moja ya mbinu ya moja kwa moja katika ufundishaji wa Kiingereza: kanuni inayomtaka mwalimu asitumie kabisa lugha ya kwanza ya mwanafunzi. Mbinu hiyo ina kanuni nyingine pia, yaani mazungumzo kutangulia maandishi, maana kupatikana kwa vitu, picha na matendo, na sarufi kugunduliwa kutokana na mifano badala ya kukaririwa. Kanuni hizo hazipingwi hapa. Hoja inayotetewa ni kwamba, katika darasa ambalo mwalimu na wanafunzi wote huzungumza Kiswahili, marufuku hiyo haikiondoi Kiswahili katika ujifunzaji. Humwondolea tu mwalimu uwezo wa kukisikia na kukisahihisha. Mifano inatokana na maisha ya Magogoni na Kariakoo, eneo ambalo Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya kivuko, na ambako kwa sababu hiyo wito wa kukifungia nje ya darasa huonekana kuwa na uzito zaidi.

2. Asili ya marufuku

Mbinu ya moja kwa moja ilikua pamoja na harakati za mageuzi ya ufundishaji wa lugha barani Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, zilizoipinga mbinu ya sarufi na tafsiri. Umaarufu wake katika shule za kulipia unahusishwa na Maximilian Berlitz, aliyeanzisha shule ya lugha mjini Providence, Marekani, mwaka 1878. Masimulizi ya asili ya shule hiyo yanaeleza kwamba Berlitz alimwajiri Mfaransa aitwaye Nicholas Joly bila kujua kwamba hakufahamu Kiingereza. Berlitz alipougua, Joly alilazimika kufundisha Kifaransa kwa ishara na vitu vilivyokuwapo chumbani, na wanafunzi wakapiga hatua kubwa.

Masimulizi haya yakichukuliwa kama yalivyo, yanadhihirisha jambo ambalo watetezi wa mbinu hawalitilii mkazo. Marufuku ilianza kama njia ya kukabili upungufu wa mwalimu. Haikuanza kama ugunduzi kuhusu akili ya mwanafunzi. Joly hakuacha kutumia lugha ya wanafunzi wake kwa sababu ilikuwa na madhara, bali kwa sababu hakuwa nayo. Mwalimu wa shule ya msingi ya Kariakoo anayo. Kumtaka afundishe kana kwamba hana ni kumwigiza upungufu ambao si wake.

Kanuni hii ilipewa hadhi katika Afrika Mashariki na mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza uliofanyika Makerere, Uganda, mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ubeberu wa kiisimu, aliyachambua mawazo matano yaliyojitokeza katika mkutano huo na kuyaita upotofu. La kwanza ni kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza peke yake. Uchambuzi wake unaeleza vizuri ni nani aliyenufaika: mtaalamu mgeni aliyeweza kufundisha popote bila kujifunza lugha ya mahali. Hata hivyo, uchambuzi huo ni wa kisiasa zaidi kuliko wa kielimu. Kanuni inaweza kuwa ilimfaidi mgeni na bado ikawa sahihi darasani. Kwa hiyo ni lazima ipimwe kwa kile inachomfanyia mwanafunzi.

3. Kinachofanyika kimya kimya

Mbinu ya moja kwa moja inadai kwamba mwanafunzi akioneshwa kitu na kusikia jina lake, huunganisha jina na kitu bila kupitia lugha yake. Dai hili linaweza kujaribiwa kwa mfano wa sokoni. Mwalimu anashika punje kutoka gunia la Kariakoo na kusema "rice". Mtoto anajua tayari kwamba kilichomo mkononi ni mchele, kwamba shambani huitwa mpunga na mezani huitwa wali. Neno la Kiingereza linahusu vyote vitatu, lakini kitu kilichooneshwa ni kimoja. Mtoto anaandika akilini kwamba "rice" ni mchele. Ametafsiri, na tafsiri yake ina kasoro. Siku atakaposoma juu ya shamba la "rice" atababaika, na mwalimu hatajua kosa lilipoanzia. Kwa Kiswahili lingerekebishwa kwa sentensi moja: Waingereza hutumia neno moja pale ambapo sisi tuna matatu.

Mfano wa pili ni wa sarufi, na uzito wake ni mkubwa zaidi. Mfanyabiashara anayesema "ukileta hela nitakupa mzigo" ametumia kiambishi -ki-, ambacho huweza kubeba sharti na huweza pia kubeba wakati. Kiingereza kinamlazimisha achague kati ya "if" na "when". La kwanza linaacha shaka kama hela zitaletwa. La pili linachukulia kwamba zitaletwa. Katika barua kwa msambazaji wa nje, tofauti hiyo ni tofauti kati ya sharti na ahadi. Hakuna kitu cha kuonesha wala tendo la kuigiza litakaloidhihirisha kwa urahisi. Lakini Kiswahili chenyewe kina nyenzo: mwalimu akiweka "ukileta" kando ya "utakapoleta", mwanafunzi huona mara moja kwamba umbo la pili limefunga mlango wa shaka, na kwamba "when" iko upande huo. Marufuku humnyima mwalimu mfano bora alionao.

Athari nyingine ni ya kijamii. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha insha cha mwaka 1986, ameeleza jinsi wanafunzi wa Kenya ya kikoloni walivyoadhibiwa na kuvishwa alama ya aibu kwa kuzungumza lugha yao shuleni. Marufuku ya darasani si lazima ifike huko ili idhuru. Mtoto asiyejua kuuliza kwa Kiingereza, na asiyeruhusiwa kuuliza kwa Kiswahili, hunyamaza. Kimya hicho husomwa kama utii au kama uzito wa akili, wakati huenda ni swali lililokosa lugha.

4. Hoja ya watetezi na mipaka yake

Watetezi wana hoja inayostahili jibu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, ilhali sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto anayetoka shuleni na kupita Feri hadi kivuko cha Magogoni hana mahali pengine pa kusikia Kiingereza. Kipindi kikifunguliwa mlango, wanasema, Kiswahili kitakimeza chote.

Hofu hii ni ya kweli, lakini inachanganya kusikia na kuelewa. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao, ingawa masomo hayo yalitolewa kwa Kiingereza. Martha Qorro ametetea kwa muda mrefu kwamba kutumia lugha kufundishia si sawa na kuifundisha. Hoja yake inahusu lugha ya kufundishia, lakini inafika hadi kipindi cha Kiingereza chenyewe: wingi wa sauti zisizoeleweka haujengi umilisi.

Njia ya kati ipo. C. J. Dodson, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alipendekeza mbinu ya lugha mbili ambamo mwalimu hutamka sentensi ya lugha lengwa, hutoa maana yake mara moja kwa lugha ya kwanza, kisha hurudi kwenye lugha lengwa kwa mazoezi. Kiswahili hakimezi kipindi. Hutumika kwa sekunde chache, na ni kwa mwalimu tu. Pendekezo hilo lina mpaka: halifai darasa lenye watoto wa lugha mbalimbali, wala eneo ambako Kiswahili chenyewe ni kigeni kwa mtoto anayeanza shule. Darasa la kawaida la Kariakoo haliko katika hali hizo.

5. Hitimisho

Uhakiki huu haudai kwamba mbinu ya moja kwa moja itupwe. Inadaiwa kwamba marufuku itenganishwe na mbinu, kwa kuwa ilizaliwa katika mazingira ambayo hayapo hapa. Tafiti zinazopima mbinu hii kwa kuhesabu maneno ya Kiswahili yaliyosikika darasani, na kuyachukulia kuwa dalili ya udhaifu wa mwalimu, zinapima kitu kisicho sahihi. Kinachopasa kuchunguzwa ni kila neno hilo lilitumika kufanya nini: kuokoa maana iliyopotea, au kukwepa kazi ya kufundisha. Mwalimu anayejua kutofautisha mambo hayo mawili anahitaji lugha zote mbili kwa kina, na mafunzo ya ualimu yanayokitendea Kiswahili kama kosa la kufichwa hayawezi kumwandaa.