Kidole Gumba na Kromosomu 46

Dondosha tone lenye seli juu ya kioo. Lifunike kwa kioo kingine chembamba, weka juu yake karatasi ya kunyonya maji, kisha kandamiza kwa kidole gumba, wima kutoka juu. Ukikandamiza kidogo, kromosomu zinabaki zimerundikana. Ukizidisha, seli inapasuka, kromosomu zake zinachanganyika na za jirani. Kioo kikiteleza kidogo tu pembeni, kazi yote imeharibika.

Kazi hii ya kuandaa slaidi haina mbwembwe, na aghalabu anayesifiwa ni mwenye hadubini. Lakini bila kidole kama hicho, pengine tungeendelea kufundishana kwamba binadamu ana kromosomu 48, kama vitabu vilivyosema kwa zaidi ya miaka thelathini.

Hesabu hiyo ilienea kutokana na kazi ya Theophilus Painter wa Texas, aliyeichapisha mwaka 1923. Painter alikuwa mchunguzi makini. Alichagua korodani kwa sababu nzuri: kromosomu huonekana waziwazi pale tu seli inapogawanyika, na kule seli hugawanyika kwa wingi. Kikwazo kilikuwa kisu. Mbinu ya wakati ule ilikuwa kukata nyama vipande vyembamba mno, na kisu kinachopita katikati ya seli hukata na kilichomo. Kromosomu moja ingeweza kuonekana kama mbili, na nyingine zililaliana.

Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, alikuwa mtaalamu wa kromosomu za mimea, na upigaji picha aliujua tangu kwa baba yake, ambaye ndiyo ilikuwa kazi yake. Mwishoni mwa 1955 alikuwa Lund, Uswidi, katika maabara ya Albert Levan. Hakutumia korodani. Alitumia seli za mwili: seli za mapafu ya vijusi, zilizooteshwa kwenye chupa. Alizitia kolkisini, dawa inayosimamisha mgawanyiko katikati, wakati kromosomu zimejikunja na kunenepa. Kisha akaziweka katika maji yenye chumvi pungufu. Maji yakaingia, seli zikavimba, kromosomu zikaachana. Hapo ndipo kidole gumba kikafanya kazi yake. Tarehe 22 Desemba akahesabu 46, na slaidi baada ya slaidi zikatoa jibu lilelile.

Makala ya Tjio na Levan ilitoka mwaka 1956, kwa lugha ya tahadhari. Tahadhari hiyo ilikuwa na msingi. Seli zilizooteshwa kwenye chupa huweza kupoteza au kuongeza kromosomu. Alihitajika shahidi wa pili, na shahidi huyo alikuwa seli ya uzazi.

Seli ya mwili, iwe ya ngozi, ini au pafu, ikigawanyika hutoa mbili zinazofanana nayo. Kila kromosomu hujipanga peke yake, hupasuliwa kwa urefu, na kila upande hupata 46. Seli inayozaa mbegu hufuata njia nyingine. Kromosomu iliyotoka kwa baba huitafuta ya mama inayofanana nayo, zikakumbatiana na kubadilishana vipande, ndipo zinapotengana. Migawanyiko ni miwili, na kila mbegu hubaki na 23. Kwa mwanamke kazi hiyo huanza kabla hajazaliwa, kisha husimama: yai linaweza kungoja miaka arobaini kabla ya kuendelea.

Kwa hiyo katika korodani, wakati wa kukumbatiana, usihesabu kromosomu, hesabu jozi. Mwaka huohuo wa 1956, Charles Ford na John Hamerton, huko Harwell, Uingereza, walikandamiza seli za korodani badala ya kuzikata, wakaona jozi 23. Kiungo kilekile kilichompoteza Painter kikathibitisha 46, kwa sababu mkono ulioandaa slaidi ulikuwa umebadilika.

Siku hizi damu kidogo inatosha. Seli nyeupe huchochewa kugawanyika kwa kitu kinachokamuliwa kutoka kwenye maharage mekundu, huoteshwa siku tatu hivi, na mara nyingi huangushwa juu ya kioo kama tone badala ya kukandamizwa. Kwa njia hiyo daktari anaweza kuona kromosomu ya 21 iliyozidi kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Down. Kosa hilo, mara nyingi, lilitokea wakati seli ya uzazi inaundwa, jozi ilipokataa kuachana.

Tjio alitazama kitu kilekile ambacho wengi walikuwa wamekitazama kabla yake. Alichowazidi ni slaidi safi.