'Niko sawa': sarufi ya maumivu katika nyimbo za Nviiri

Huku Kamukuywa, kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, wenzangu wa rika la miaka sitini hulalamika kwamba nyimbo za vijana ni kelele tu na ati Kiswahili kimebomolewa. Mimi nimezisikiliza nyimbo za awali za Nviiri Sande, almaarufu Nviiri the Storyteller, kwa sikio la mwalimu wa sarufi, na nina neno tofauti.

Kijana huyu alianza kwa kuwatungia wengine. Yumo miongoni mwa watunzi wa 'Melanin' ya Sauti Sol (2017). Kundi hilo lilipoanzisha lebo ya Sol Generation mwaka wa 2019, akatoka na wimbo wake mwenyewe, 'Pombe Sigara'. Hebu tazama anwani hiyo. Mwalimu wa insha angedai 'pombe na sigara', na angepata vitu viwili vya kununuliwa. Kiunganishi kikiondolewa, maneno yanabanana na kuwa hali moja, yaani mazoea ya mtu aliyeendewa kombo na mapenzi.

Wimbo ulionishughulisha zaidi ni 'Niko Sawa', aliomshirikisha Bien. Sisi wanasarufi tumezoea kuwasahihisha Wakenya hapa. Tunasema -ko ni ya mahali: 'niko nyumbani' ni sahihi, lakini 'niko mgonjwa' si sanifu, sema 'mimi ni mgonjwa'. Haya, mbona basi tunakubali 'yuko hai', 'yuko macho', 'yuko tayari'? Naona -ko huigeuza hali ikawa mahali. Mtu amesimama pale kwa sasa, na kesho huenda asiwepo. 'Mimi ni mzima' ni dai zito, la kudumu. Aliyeachwa akisema 'niko sawa' ametupa habari za leo tu, tena za saa hii. Uchungu wa wimbo umekaa kwenye silabi hiyo moja, na kuisahihisha ni kuung'oa.

Isitoshe, Kiswahili chenyewe kimetufunza kukana. 'Sijambo' ni kusema huna jambo, hata kama nyumba inaungua. Mwanamume aliyelelewa kumeza machozi, na huku Magharibi tuko wengi, hupata kwenye salamu pa kujificha. Nviiri ameichukua salamu hiyo ya kujificha akaifanya wimbo mzima. Ukimwuliza mtu hali mara moja akajibu yuko sawa, unapita zako. Akikuambia mara ya tano, bwana, unaketi naye.

Hata hivyo, ajiitaye msimulizi ana deni. Katika nyimbo hizi mbili tunamsikia aliyeumia pekee. Upande wa pili hauna sauti. Tena ningependa watu na mahali vitajwe zaidi. Mpiga litungu wa Kibukusu hujililia pia, lakini humo humo hutaja ukoo wake, jirani zake, hata mto. Nafsi yake ina kwao. Nafsi ya Nviiri bado inaelea, yaweza kuwa ya Nairobi, Kampala au popote penye baa.

Kwa mwalimu anayehangaika kufunza -po, -ko na -mo: acha mfano wa kitabu na meza. Andika ubaoni 'niko sawa' na 'ni sawa', kisha uwaulize wanafunzi ni yupi kati ya wasemaji hao wawili atakayelala usingizi.